Ndege ya Kinondoni Imeruka

Yombo Vituka,
Dar es Salaam.
Jumapili mchana.

Kwa Baba yangu mpenzi, Mwalimu Ismaili,

Shikamoo Baba. Shikamoo ya pili ni ya Mama, na tafadhali mfikishie kabla hujakaa kuisoma barua hii, maana nakujua: ukishavaa miwani, hata jikoni kukishika moto wewe utamaliza kwanza ukurasa. Mgongo unaendeleaje? Na kikohozi cha Mama? Ile dawa niliyomkabidhi kondakta wa basi ilifika, au kondakta naye alikuwa anakohoa? Mimi ni mzima wa mwili, na moyo ni mzima kuliko mwili. Nina habari, Baba, na leo sitaandika kwa unyenyekevu. Umenilea kwa unyenyekevu miaka ishirini na sita, sasa niruhusu barua moja tu ya kujisifu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Uliuliza mambo mawili: kama ninakula vizuri, na kama ninarudi. Kula ninakula, tena nimenenepa mashavu. La kurudi ndilo lilikuwa gumu. Ulisema Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya Masasi amenishikia nafasi ya kufundisha darasa la tatu hadi mwisho wa mwezi, na kwamba nisione haya, mtu kurudi kwao si kushindwa. Niliusoma mstari ule mara mbili, machozi yakanitoka, kwa sababu Jumatatu hiyohiyo nilikuwa nimebakiziwa siku tano za kazi. Sikukuambia. Sasa nakuambia, kwa kuwa yamekwisha.

Ngoja nianze mwanzo ili usipotee. Unakumbuka nilipokuandikia kwamba nimepata kazi kwenye chuo cha mambo ya ndege, ukatangaza soko zima, halafu barua ya pili nikakiri kwamba kazi yenyewe ni uchapaji? Basi ndiyo hiyo. Chuo ni vyumba vitatu ghorofani, Kinondoni, juu ya saluni ya nywele. Mkurugenzi wetu, Bwana Shomari, alikuwa akiuza vitenge Kariakoo, lakini tangu serikali iruhusu biashara za watu binafsi, kila mwenye vyumba vitatu anafungua chuo. Wanafunzi ni vijana waliomaliza kidato cha nne, wanajifunza kukata tiketi na kuhudumia abiria. Mimi nilichukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu, kuchapa barua na mitihani.

Sasa Bwana Shomari akanunua kompyuta, na ndani yake programu ya kurusha ndege. Usicheke. Si mchezo wa watoto. Unakaa mbele ya kioo, unaona saa zote za rubani zimepangwa, unaona njia ya kurukia imenyooka mbele yako, umeshika fimbo ndogo iliyosimama mezani, na fimbo ile ndiyo usukani. Ndege yenyewe ni jeti ya abiria hamsini. Si zile kubwa za kwenda Ulaya, ni saizi ya kutoka mkoa hadi mkoa, ambayo ingeweza kutua Mtwara asubuhi na kurudi Dar kabla ya adhuhuri. Mimi niliyetumia siku nne barabarani, mbili kati ya hizo tumekwama kwenye matope, niliitazama ile ndege ya kwenye kioo kwa wivu kabisa.

Kitabu cha maelezo kilikuja kwa Kiingereza, kinene. Bwana Shomari akanitupia mezani. "Somoe, wewe si mtoto wa mwalimu? Kitafsiri. Nataka mwongozo wa Kiswahili, vijana wasome wenyewe wasinisumbue."

Nilikaa nacho wiki tatu, pamoja na ile kamusi uliyonipa siku naondoka. Baba, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuchapa maneno ya watu wengine. Nikachapa kwenye stensili, tukatoa nakala arobaini, na chini ya ukurasa wa kwanza nikaweka jina langu kwa herufi ndogo. Nilijiona mwandishi.

Kisha Jumatatu Bwana Shomari akatuita watatu kwenye chumba cha kompyuta. Wa kwanza mimi. Wa pili Hamza, fundi wa kompyuta, kijana wa Magomeni anayeongea haraka kama anakimbizwa. Wa tatu Mwalimu Kondo, mzee wa Kizaramo, mwenyeji wa hapahapa Dar, aliyepakia mizigo kwenye ndege miaka ishirini hadi akastaafu, na sasa ndiye mwalimu wetu wa mambo ya ndege kwa sababu kati yetu ni yeye pekee aliyewahi kuigusa ndege.

"Ijumaa anakuja Kapteni," akasema Bwana Shomari. "Rubani wa kampuni ya ndege za kukodi. Akiipenda hii mashine, wafanyakazi wake wote watakuja kusoma kwangu. Asipoipenda, mashine inarudi kwa aliyeniuzia, chumba nampa fundi cherehani, na Hamza na Somoe sina kazi yenu. Sasa irusheni, niione."

Hamza akaiwasha. Injini zikanguruma kwenye vile vispika kama nyuki kwenye debe. Ndege haikwenda hata hatua moja.

Bwana Shomari alitutazama mmoja mmoja, akatoka. Hapo ndipo ilipoanza wiki yangu, Baba.

Hamza alikuwa tayari amelala chini ya meza anavuta nyaya. "Sista, hii mashine imeliwa na virusi, niamini mie. Nilikuwaga nazifungua kama hizi, zote zinaliwa."

"Virusi gani?" Mwalimu Kondo akasema. "Mzigo huo. Mie ndege nimezipakia, nazijua. Ikielemewa haiendi. Tazameni wameweka kilo ngapi."

Mimi nikafungua mwongozo wangu ukurasa wa nne, nikawasomea: hakikisha breki ya kuegeshea imeachiwa. Hakuna aliyekuwa amesoma, hata mmoja. Hamza akabonyeza kitufe, ndege ikaanza kwenda yenyewe taratibu kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Nilijidai, nakuambia ukweli. Nikazunguka chumba nimeweka mikono kiunoni.

Lakini ilipofika katikati ya njia, kioo kikazima pwaa! Kumbe kule chini saluni wamewasha mashine za kukaushia nywele zote tatu kwa mpigo, umeme ukashuka, kompyuta ikazimika. Nikashuka kwenda kumwomba Mama Eliza mwenye saluni. Ni mama wa Kichaga, ana sauti, lakini ana roho nzuri. Tukapatana kwamba nikigonga sakafu mara tatu kwa mpini wa ufagio, wazime kwa dakika tano. Wateja wake walinuna, wengine wamekaa na roli kichwani nywele mbichi, lakini akawaambia, "Tulieni, ndege inapaa huko juu."

Jumanne tukaanza kazi yenyewe. Gonga gonga gonga, nguvu za injini zote mbele, ndege ikakimbia. Saa ya mwendo inahesabu kwa "knots", kipimo cha mwendo wa ndege; mimi nililitafsiri mafundo, na Mwalimu Kondo alilicheka neno hilo hadi akakohoa. Mwongozo wangu ulisema hivi, nakunukulia kama ulivyokuwa: "Mwendo ufikapo mafundo mia moja na thelathini, zungusha."

Mwalimu Kondo ndiye aliyeshika fimbo. "Mia moja na ishirini," nikamsomea. "Ishirini na tano. Thelathini! Zungusha!"

"Wapi? Kushoto au kulia?"

Nikatazama karatasi. "Haikusema."

"Basi kushoto. Sie tunaendeshaga kushoto nchi hii."

Akaizungusha kushoto. Ndege ikaacha njia, ikaingia majanini, ikapiga bawa chini, na kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba tumeanguka, poleni.

Tukajaribu kulia. Majanini. Tukazungusha taratibu kama mtu anayefungua kopo la maziwa. Majanini. Tukazungusha kwa ghafla, huko ndiko tulikopinduka kabisa magurudumu juu. Mwalimu Kondo akashikilia ni mzigo, tukaenda kwenye orodha ya uzito tukawashusha abiria wote hamsini na mabegi yao, ndege ikawa tupu. Ikaingia majanini upesi zaidi kwa kuwa imekuwa nyepesi. Jumatano Hamza akagundua kwamba vile vibawa vya nyuma ya bawa, vinavyoshushwa ili ndege ipate kunyanyuka, hatukuwa tumevishusha. Tukashangilia. Tukavishusha. Majanini.

Baba, kama ndege zile zingekuwa za kweli, nchi hii isingebaki na hata moja. Na kila mtu alikuwa akitafuta kosa kwenye kazi anayoijua yeye. Mzee anatafuta kwenye mizigo, Hamza anatafuta kwenye nyaya. Ni mimi tu ambaye sikutafuta kwenye kazi yangu, kwa sababu kazi yangu niliiona haina kosa. Ilikuwa na jina langu chini.

Jumatano saa kumi Bwana Shomari akaingia wakati tunapinduka. Akatazama moshi wa kwenye kioo. Akatazama fimbo.

"Fimbo imekufa hii," akasema. "Hamza, umeifungua?"

"Bosi, wallahi sijaifungua. Nimeipangusa tu vumbi."

"Umeifungua. Kesho asubuhi tutaongea."

Hamza alikaa kwenye ngazi baada ya pale, amejiinamia. Ana mama mgonjwa na wadogo zake wawili. Nikamwambia maneno ya kumfariji, lakini nilijua hayana kitu ndani.

Sasa sikiliza ya Alhamisi.

Hapa nilipopanga Yombo, bomba la maji lipo juu kwenye mwinuko, na ukisimama kwenye foleni unaona ng'ambo ya uzio njia ya kurukia ndege ya kiwanja chenyewe, cha kweli. Nimechota maji pale miezi minane. Ndege zimepaa mbele ya macho yangu kila asubuhi na mimi nimetazama dumu langu lisiibwe. Alhamisi hiyo, kwa kuwa akili yote ilikuwa kwenye ndege, nikainua macho. Jeti ndogo ilikuwa inaanza kukimbia. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo kama Jumanne, nangoja izungushe. Haikuzungusha. Ilinyooka vilevile kama rula. Kisha pua ikapanda. Pua tu, Baba! Magurudumu ya nyuma bado yako chini, yanakimbia, mkia umeshuka, pua imeelekea juu, na imekaa hivyo kwa muda kidogo, ndipo ndege nzima ikaachana na ardhi.

Nikaona baiskeli yako. Msimu wa korosho, ukifunga gunia zima kwenye keria na ukaachia usukani kidogo tu, gurudumu la mbele linanyanyuka lenyewe, baiskeli inazunguka kwenye ekseli ya nyuma, na wewe unapiga kelele tuje tulikandamize. Inazunguka! Si kushoto, si kulia. Inazunguka kwenda juu.

Lile neno la kwenye kitabu lilikuwa "rotate". Kamusi yako ikaniambia "zungusha", na kamusi haikudanganya. Marubani nao wanasema ndege inazunguka, ila wanamaanisha inazunguka kwenye magurudumu yake ya nyuma, pua juu. Mimi nilichukua neno nikaliandika bila kuuliza linazunguka vipi na wapi.

Nikapiga kelele pale kwenye foleni: "Imezunguka!"

Mwanamke mbele yangu akageuka na dumu lake. "Nani kazunguka? Nani kazunguka foleni? Nyie wa nyuma mnatuzungukaga kila siku!"

Basi zogo likazuka. Huyu anamshika yule kanga, yule anasema alikuwepo tangu alfajiri. Nikawaambia jamani ni ndege, ndege imezunguka, wakanitazama kama mtu aliyepandisha shetani. Nikawaachia dumu na foleni yao, nikakimbilia kazini nimevaa kandambili.

Nilipofika Kinondoni hapakuwa na mtu, wala umeme haukuwepo. Ilikuwa zamu yetu ya mgao, siku nzima. Lakini taipureta yangu haili umeme. Nikatoa ule ukurasa wa tisa, wenye "zungusha", nikachapa mwingine kwenye stensili: "Mwendo ufikapo mafundo mia moja na thelathini, vuta fimbo taratibu kuelekea kifuani, nyanyua pua." Nikautazama. Ulikuwa mzuri. Nikautolea nakala kwa ile mashine ya stensili inayoendeshwa kwa mkono.

Na hapa nikuambie jambo ambalo ningeweza kulificha. Niliuchomoa ukurasa wa zamani kwenye nakala ya Mwalimu Kondo, nikauweka mpya, nikabana pini. Wazo langu lilikuwa hilo: nibadilishe kimyakimya nakala zote, nani atakumbuka neno? Nitasema hamkusoma vizuri, kama ambavyo hawakuisoma ile ya breki. Nilikuwa nimefika nakala ya sita niliposikia sauti ya Bwana Shomari kwenye ngazi, yuko na Hamza na Mwalimu Kondo.

"Nipe ufunguo wa chumba," anamwambia Hamza. "Vitu vyako chukua. Nitatafuta fundi asiyefungua vitu vya watu."

Baba, darasani kwako ukikuta kosa kwenye ubao ulikuwa hulifuti. Ulikuwa unauliza, "Kosa la nani?" na hufundishi tena mpaka aliyeliandika asimame. Sisi watoto tuliuchukia mtindo huo. Mimi niliuchukia zaidi kwa sababu hukunipendelea hata siku moja. Alhamisi hiyo nilisimama kabla sijafikiri, na karatasi mbili mkononi.

"Kosa ni langu," nikasema. "Fimbo ni nzima. Hamza hana hatia."

Nikamweleza yote, la bomba na la pua. Nikampa ukurasa wa zamani na ule mpya. Alisoma mmoja, akasoma mwingine, akarudia.

"Kwa hiyo wiki nzima tunavunja ndege kwa sababu ya neno?"

"Ndiyo, Bwana Shomari."

"Neno lako?"

"Langu."

Mwalimu Kondo akajipiga paji la uso. "Lahaula! Na mie nikasema kushoto!" Akacheka hadi akashika ukuta. Hamza hakucheka, alikuwa ananitazama tu. Bwana Shomari ndiye kabisa hakucheka.

"Umeme hakuna," akasema. "Leo hatuwezi kuhakikisha. Kesho saa tatu Kapteni yuko hapa. Utakaa kwenye kiti wewe mwenyewe, Somoe, mbele yake. Ikipaa, sawa. Ikiingia majanini, Jumatatu usije. Na Hamza naye asije."

Nilikuwa sijawahi kuishika ile fimbo hata mara moja. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi na kugonga sakafu. Jioni, nikisonga ugali, nikajikuta nauvuta mwiko kuelekea kifuani, taratibu, taratibu, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza ugali umenikosea nini. Niliogopa, Baba. Niliogopa sana, na mara mbili nilianza kukuandikia kwamba mwambie Mwalimu Mkuu naja.

Ijumaa Kapteni alifika saa tatu kamili, mtu mrefu, mpole, shati jeupe limepigwa pasi. Umeme haukuwepo. Bwana Shomari akamletea soda, akamletea ya pili, akamweleza habari za chuo tangu siku ya kwanza. Saa nne kasoro robo taa ikawaka. Nikaenda kuchukua ufagio, Mwalimu Kondo akaninyang'anya. "Wewe kaa. Leo mgongaji ni mie."

Akagonga mara tatu. Kumbe Mama Eliza alikuwa ameshaambiwa na Hamza mambo yote, maana badala ya kuzima tu wakapanda juu wote: yeye, wasichana wake wawili, na wateja wanne, mmoja ana povu la shampuu kichwani kajifunga taulo. Wakajipanga ukutani. Bwana Shomari akataka kuwafukuza, Kapteni akasema waacheni.

Nikakaa. Breki nikaachia. Vibawa nikashusha. Abiria hamsini nilikuwa nimewarudisha wote na mabegi yao, sikutaka kurusha ndege tupu. Nguvu zote mbele. Ikakimbia.

Hamza alisimama nyuma yangu ananisomea. "Themanini. Mia. Mia na kumi. Sista, tulia. Mia na ishirini."

Mikono yangu ilitaka kuvuta. Sikuvuta.

"Mia na thelathini!"

"Bismillah," akasema Mwalimu Kondo.

Nikavuta fimbo kuelekea kifuani, taratibu kama mwiko. Pua ikapanda. Njia ya kurukia ikaanza kuzama chini ya kioo, ikazama, ikazama, mara haipo, na kioo kizima kikawa buluu tupu. Nilidhani imezima tena. Kisha nikaona ile saa inayopima urefu kutoka ardhini inapanda, futi mia mbili, mia tano, elfu moja, na mwanamke mwenye povu ndiye aliyeanza kupiga vigelegele. Wakaitikia wote. Baba, vigelegele vile vilisikika barabarani, watu wakadhani ghorofani kuna harusi.

Kapteni hakupiga makofi. Akasogeza kiti karibu yangu. "Niambie, kwa nini hukuvuta kwenye mia na ishirini? Nilikuona ulitaka."

"Pua ingepanda, lakini mabawa yangekuwa hayajapata upepo wa kutosha," nikasema. "Ingeburuza mkia, ingepoteza mwendo, isingepaa. Inatakiwa iwe na haraka yake kwanza, ndipo uinyanyue."

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye foleni ya maji, Yombo."

"Umewahi kupanda ndege?"

"Sijawahi. Nilikuja kwa basi. Tulikwama kwenye matope ya Ndundu siku mbili."

Hapo akacheka, na wote wakacheka, hata Bwana Shomari, ambaye nadhani alianza kupumua wakati huo. Kapteni akachukua mwongozo mezani, akaufungua, bahati mbaya ikawa nakala ambayo sikuwahi kuibadilisha. Akasoma "zungusha", akanyanyua macho.

"Aliyeandika hili nani?"

"Mimi," nikasema. "Hilo na la kulisahihisha, yote mimi." Nikampa ukurasa mpya.

Akausoma kwa sauti, polepole: "Nyanyua pua." Akatikisa kichwa kukubali. Akasema yeye amesomea nje, kwa Kiingereza, na amewafundisha vijana wawili watatu hapa, na kila akifika kwenye neno hilo anaonyesha kwa mkono kwa sababu Kiswahili chake halipati. "Sasa nitasema hivi," akasema. Akaukunja ukurasa wangu, akauweka kwenye mfuko wa shati. Kisha akamgeukia Bwana Shomari: "Watu wangu nitawaleta. Ila afundishe huyu."

Nilishuka chini nikaingia chumba cha nyuma cha saluni, kati ya mabeseni, nikalia hadi Mama Eliza akaniletea taulo. Si kilio cha huzuni. Sijui ni cha nini, ila kilinitoka chote.

Bwana Shomari aliniita jioni. Kwanza akanigombeza kwa zile nakala arobaini za stensili zilizoharibika. Halafu akasema majaribio yangu yamekwisha, Hamza abaki, na Jumatatu nisikae kwenye taipureta, atamwajiri mwingine wa kuchapa. Nikamwambia huyo mwingine nitamchagua mimi, na kila atakachochapa nitakisoma. Hakubisha. Hamza naye tangu jana ananiita "Kapteni" mbele za watu, nimemkataza, hasikii.

Baba, nimeandika mengi, mkono unauma. Nisalimie Mama, umwambie asiache kunywa ile dawa akishapata nafuu. Nisalimie kaka yangu Rashidi wa kwenye karakana ya baiskeli, umwambie somo la gunia na keria limefika mbali. Nisalimie Bibi mzaa Mama, umwambie mumewe bado simwibii, nimetingwa na kazi. Shangazi wa kule Nachingwea ukimwona mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Na Mjomba, aliyesema kwamba nimekwenda Dar kuchapa barua za wachumba wa watu, msomee barua hii yote, usiruke hata mstari.

Mwalimu Mkuu mshukuru sana kwa kunishikia nafasi, na umwambie darasa la tatu ampe mtu mwingine. Sirudi. Najua ulitamani nisimame mbele ya ubao kama wewe, na najua nilikuumiza nilipokuambia kazi hiyo siitaki. Kesho saa mbili asubuhi nina wanafunzi kumi na wanne, wengine wamenizidi umri, na nimekwishamwomba Hamza anitafutie ubao.

Mwanao akupendaye,

Mwalimu Somoe Ismaili